Humayun, mfalme aliyeishi ukimbizini, na kaburi lililowapokea wakimbizi wa Delhi

Wageni wanaotembelea New Delhi, mji mkuu wa India, karibu wote wanapelekwa kutazama jengo moja la mawe mekundu lenye kuba nyeupe, katikati ya bustani kubwa, upande wa mashariki wa mji. Ni kaburi la Humayun, mfalme wa pili wa ukoo wa Mughal, aliyefariki mwezi wa kwanza mwaka 1556. Wengi wanapiga picha, wanauliza jengo lina miaka mingapi, kisha wanaendelea na safari. Wachache wanajua kwamba mtu aliyelala pale alinyang'anywa nchi yake akiwa na umri wa miaka 32, akaishi mbali na kiti chake kwa miaka 15, akarudi, na akafa kwa kuanguka kwenye ngazi miezi sita tu baada ya kuingia tena Delhi.

India si nchi ngeni kwa wakaaji wa Kivu Kaskazini. Wanajeshi wake wamevaa kofia za buluu za Umoja wa Mataifa katika jimbo hilo kwa miaka mingi. Mji wao mkuu una vitu vingi vya kutazamwa: mnara wa Qutb Minar wenye urefu wa zaidi ya mita 72, Ngome Nyekundu, msikiti mkubwa wa Jama Masjid, lango la India Gate. Lakini maisha ya Humayun yanaweza kufuatwa katika sehemu mbili zilizo karibu sana. Ya kwanza ni Purana Qila, maana yake Ngome ya Zamani, alikopatia ajali iliyomuua. Ya pili ni kaburi lake, kilomita chache upande wa kusini.

Mtoto aliyezaliwa Kabul

Humayun alizaliwa tarehe 6 mwezi wa tatu mwaka 1508 huko Kabul, mji ambao leo ni mkuu wa Afghanistan. Baba yake, Babur, alikuwa mwana wa ukoo wa Timur, na kwa upande wa mama damu yake ilitoka kwa Genghis Khan. Babur mwenyewe alikuwa amefukuzwa katika miji ya baba zake huko Asia ya Kati. Alipoona hawezi kuirudisha, aligeuza macho upande wa India.

Tarehe 21 mwezi wa nne mwaka 1526, katika uwanda wa Panipat, kaskazini mwa Delhi, jeshi dogo la Babur lililokuwa na bunduki na mizinga lilishinda jeshi kubwa la Sultani Ibrahim Lodi. Humayun alikuwa na miaka 18, na alikuwa mmoja wa makamanda siku hiyo. Baada ya ushindi, baba na mwana walitengana kwa muda. Babur aliingia Delhi na, kabla ya mambo mengine, akazunguka mji kama mgeni yeyote anavyofanya leo. Alizuru kaburi la mtakatifu wa Kiislamu Nizamuddin Auliya, akaenda kwenye makaburi ya masultani waliotangulia, akatazama minara, mabwawa na bustani zao. Kijana wake alitumwa Agra haraka kulinda hazina.

Huko Agra, familia ya mfalme wa Gwalior, aliyekuwa amekufa vitani Panipat, ilimpa Humayun almasi kubwa sana. Wanahistoria wengi wanadhani ndiyo iliyokuja kuitwa Koh-i-Noor. Humayun alimpelekea baba yake, na Babur akamrudishia. Jiwe hilo litaonekana tena mbele, siku ambayo Humayun hatakuwa na kitu kingine cha kutoa.

Mwaka 1530 Humayun aliugua vibaya. Inasimuliwa kwamba Babur alizunguka kitanda chake akimwomba Mungu achukue maisha ya baba na kumwacha mtoto. Humayun alipona. Babur alidhoofika, na tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili mwaka huo akafariki. Humayun alirithi kiti akiwa na miaka 22.

Ndugu wanne, nchi moja

Katika ukoo wa Timur hapakuwa na desturi ya mtoto mmoja kuchukua vyote. Kila mwana alistahili fungu lake, na kila mwana aliweza kudai zaidi. Humayun alikuwa na ndugu watatu wa baba mmoja: Kamran, Askari na Hindal. Inasemekana Babur alimwachia usia wa kutowadhuru ndugu zake, hata kama wanastahili adhabu. Humayun alijaribu kuutii usia huo kwa zaidi ya miaka 20, na ulimgharimu sana. Kamran alichukua Kabul na Kandahar, kisha akaongeza Punjab kwa nguvu. Humayun alimwachia. Kwa hiyo mfalme alibaki na sehemu ya India iliyotekwa majuzi tu, huku njia ya kupata askari wapya kutoka milimani ikiwa mikononi mwa ndugu yake.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu mpole, msomi, mpenda vitabu na hesabu za nyota. Alipanga kazi za ikulu kufuatana na sayari, na nguo zake zilibadilika rangi kila siku ya juma kwa hesabu hiyo hiyo. Aliweka ngoma karibu na ikulu ili mtu aliyedhulumiwa aipige na kusikilizwa. Udhaifu wake ulijulikana pia: alitumia kasumba, na baada ya kila ushindi alikaa kwenye karamu kwa miezi wakati maadui wake wakijipanga.

Mwaka 1533 alianza kujenga mji mpya kando ya mto Yamuna, Delhi. Aliuita Dinpanah, maana yake kimbilio la dini. Kuta kubwa na malango yanayoonekana leo Purana Qila yanatokana na kazi hiyo. Mwenye kuijenga hakupata nafasi ya kuikalia kwa muda mrefu.

Kati ya mwaka 1535 na 1536 alivamia Gujarat, jimbo tajiri la pwani ya magharibi. Ngome ya Champaner, iliyoaminika kuwa haishindiki, ilitekwa usiku baada ya watu wake kupigilia misumari ya chuma kwenye mwamba na kupanda. Humayun mwenyewe alikuwa kati ya waliopanda. Lakini ndugu yake Askari, aliyeachwa kulinda jimbo, alishindwa, na Gujarat ikapotea haraka kama ilivyopatikana.

Mbeba maji wa mto Ganges

Hatari kubwa ilitoka mashariki. Huko Bihar kulikuwa na kiongozi wa Waafghani aliyeitwa Sher Khan, mtu mzima, mwenye subira, aliyejua kupanga kodi na askari. Humayun alimfuata hadi Bengal, akakaa kule miezi mingi, na mvua zikamkuta mbali na nyumbani. Nyuma yake, Hindal alijitangaza mfalme Agra. Kamran alikuja na jeshi, lakini hakumsaidia kaka yake.

Tarehe 26 mwezi wa sita mwaka 1539, mahali panapoitwa Chausa, kwenye kingo za mto Ganges, Sher Khan alishambulia kambi ya Humayun alfajiri wakati watu wamelala. Maelfu walizama wakijaribu kuvuka. Humayun aliingia mtoni na farasi wake, akapoteza farasi, na angekufa pale kama si mbeba maji mmoja aliyeitwa Nizam. Mtu huyo alimpa kiriba chake cha ngozi kilichojazwa hewa, na mfalme akavuka akikishikilia. Baadaye Humayun alimwita ikulu na kumkalisha kwenye kiti cha enzi kwa muda mfupi, atoe amri kama mfalme. Wakubwa wa ikulu walikasirika, na Kamran kati yao. Humayun alikuwa ameahidi, akatimiza.

Siku hiyo ya Chausa watu wengi wa nyumba yake walipotea, akiwemo binti yake mdogo Aqiqa, ambaye hakuonekana tena. Mke wake wa kwanza, Bega Begum, alikamatwa. Sher Khan aliamuru atunzwe kwa heshima na akamrudisha salama kwa mume wake. Ni vizuri kulikumbuka jina la mwanamke huyu, kwa sababu bila yeye pengine wageni wa leo wasingekuwa na kitu cha kutazama.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 mwezi wa tano 1540, majeshi yalikutana tena Kannauj. Jeshi la Humayun lilivunjika. Alikimbia Agra, akachukua familia, akaenda Lahore. Sher Khan, ambaye sasa aliitwa Sher Shah, akawa mfalme wa Delhi.

Sher Shah alitawala miaka mitano tu, lakini alama zake zipo. Alitengeneza njia kuu ya kuvuka kaskazini mwa India pamoja na nyumba za kulala wasafiri. Alitoa sarafu ya fedha iliyoitwa rupia, jina ambalo baadaye lilivuka bahari na kuingia mpaka katika lugha ya Kiswahili. Ndani ya kuta za Dinpanah alijenga msikiti wa Qila-i-Kuhna, ambao mpaka leo ndio jengo zuri zaidi katika Purana Qila. Jengo jingine dogo la mawe mekundu, lenye pembe nane na ghorofa mbili, linaitwa Sher Mandal kwa jina lake.

Njia ya jangwani

Kuanzia hapo, Humayun akawa mkimbizi. Lahore haikumweka. Ndugu zake hawakukubaliana juu ya kitu chochote, na Kamran alimfungia njia ya Kabul. Alishuka Sindh, akazunguka kwa zaidi ya miaka miwili akiomba msaada kwa watawala waliomwogopa Sher Shah. Mengi ya siku hizo yanajulikana kwa sababu dada yake Gulbadan aliandika kitabu juu ya maisha ya kaka yake, miaka mingi baadaye, alipoombwa na mfalme Akbar.

Gulbadan anasimulia kwamba katika safari hiyo Humayun alimwona Hamida Banu, msichana wa miaka kama 14, akataka kumwoa. Hamida alikataa kwa siku zipatazo 40. Alikubali mwishoni, na ndoa ikafungwa mwaka 1541. Mwaka uliofuata msafara uliingia jangwa la Thar. Visima vilikuwa mbali, vingine vimefukiwa na watu wasiowataka. Watu na wanyama walikufa kwa kiu. Hamida alikuwa mja mzito.

Aliyewapokea alikuwa mtawala wa Kihindu wa Umarkot, mji mdogo ulio leo katika Pakistan. Humo, tarehe 15 mwezi wa kumi mwaka 1542, alizaliwa Akbar. Humayun alikuwa nje ya mji habari ilipomfikia. Hakuwa na mali ya kugawa kama desturi inavyotaka, basi alivunja kifuko kimoja cha miski na kuwagawia wenzake harufu hiyo.

Mtoto hakuwa na miezi kumi na tano walipotengana. Wakiwa njiani kuelekea Kandahar, habari zilifika kwamba Askari anakuja na wapanda farasi kumkamata kaka yake. Farasi hawakutosha, baridi ilikuwa kali. Humayun na Hamida waliondoka na watu wachache, wakamwacha mtoto kambini na walezi. Askari alimchukua mpaka Kandahar, na mke wake akamtunza vizuri. Wazazi hawakulijua hilo. Walivuka milima yenye theluji, na usiku mmoja walichinja farasi na kuchemsha nyama katika kofia ya chuma ya askari, kwani hawakuwa na sufuria. Waliomfuata mfalme wa Delhi wakati huo walikuwa kama watu 40.

Wasomaji wa Ituri na wa Kivu zote mbili hawahitaji kuelezwa sana uamuzi wa namna hiyo, wa kuchagua nani apande na nani abaki.

Mgeni wa mfalme wa Uajemi

Mwaka 1544 Humayun alifika mbele ya Shah Tahmasp, mfalme wa Uajemi. Alipokelewa kwa heshima kubwa njiani, lakini msaada ulikuwa na bei. Tahmasp alikuwa Mshia, Humayun Msuni, na mwenyeji alimtaka mgeni wake akubali madhehebu yake. Kulikuwa na siku za hatari. Humayun alilainika, akavaa kofia ya Waajemi, akakubali kwa nje yaliyotakiwa. Alitoa pia mawe yake ya thamani, na kati yake ile almasi kubwa ya Agra. Tahmasp alimpa askari wapatao 12,000.

Katika miezi hiyo Humayun alifanya kama baba yake alivyofanya Delhi: alitembea na kutazama. Aliona bustani na misikiti ya Herat, kaburi la Imam Reza huko Mashhad, miji ya Tabriz na Ardabil. Aliona kuba zilizofunikwa vigae vya buluu na bustani zilizogawanywa na mifereji ya maji. Alikutana pia na wachoraji wa Kiajemi. Wawili kati yao, Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad, walimfuata baadaye Kabul, na kazi yao ndiyo iliyoanzisha uchoraji wa ikulu ya Mughal.

Mwaka 1545 aliteka Kandahar. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo aliingia Kabul, na akamwona tena mwanawe Akbar, aliyekuwa sasa na miaka mitatu.

Kamran hakukubali. Kwa miaka iliyofuata, Kabul ilipita mkono kwa mkono kati ya ndugu hao wawili. Kufuatana na waandishi wa ikulu ya Akbar, wakati wa kuzingirwa kwa Kabul mwaka 1547, Kamran alimweka mtoto huyo juu ya ukuta mahali mizinga ya baba yake ilipokuwa ikilenga. Humayun alisimamisha mizinga. Kamran aliposhindwa alisamehewa, akaasi tena. Hindal, aliyekuwa amerudi upande wa Humayun, aliuawa vitani mwaka 1551. Askari alipelekwa Makka na akafia njiani.

Mwaka 1553 Kamran alikamatwa kabisa. Makamanda wote walitaka auawe. Humayun alikumbuka usia wa baba yake, akakataa, lakini alikubali atobolewe macho. Kamran alikwenda Makka, akafariki huko mwaka 1557.

Miezi sita Delhi

Sher Shah alikuwa amekufa mwaka 1545 kwa mlipuko wa baruti akiizingira ngome ya Kalinjar. Mwanawe Islam Shah alitawala kwa mkono mkali, na alipofariki warithi waligombana, nchi ikagawanyika. Humayun aliiona nafasi yake. Mwezi wa pili mwaka 1555 aliingia Lahore. Mwezi wa sita jeshi lake, likiongozwa na kamanda wake mwaminifu Bairam Khan, lilishinda Sirhind. Mwezi wa saba alikuwa Delhi, ndani ya kuta alizoanza kujenga miaka 22 kabla.

Safari hii hakutaka karamu ndefu. Alianza kupanga namna ya kutawala nchi kwa majimbo. Jengo dogo la Sher Mandal aliligeuza maktaba, na juu yake akawa anatazama nyota.

Jioni ya siku ya Ijumaa, tarehe 24 mwezi wa kwanza mwaka 1556, alikuwa juu ya maktaba hiyo na wataalamu wake wakizungumza juu ya kuchomoza kwa Zuhura. Alipoanza kushuka, mwadhini alisikika. Humayun alitaka kupiga goti kwa heshima ya adhana. Mguu wake ulinasa kwenye vazi, fimbo ikateleza, akaanguka kwenye ngazi za mawe zilizosimama wima na kupasuka kichwa. Alifariki siku chache baadaye. Alikuwa na miaka 47.

Aliyekuwepo Delhi siku hizo ni Seydi Ali Reis, amirali wa Kituruki ambaye meli zake ziliharibiwa na Wareno na dhoruba katika Bahari ya Hindi, naye akawa anarudi kwao kwa njia ya nchi kavu. Anasimulia kwamba kifo kilifichwa. Mtu aliyefanana na mfalme alivishwa nguo zake na kuonyeshwa watu kutoka mbali, mpaka Akbar, aliyekuwa Punjab na Bairam Khan, atawazwe. Akbar alikuwa na miaka 13. Alitawala karibu miaka 50, na ndiye aliyeifanya dola ya Mughal kuwa moja ya dola kubwa za dunia ya wakati ule.

Kaburi la mjane

Hata maiti ya Humayun ilikimbia. Alizikwa kwanza Delhi, lakini mwezi wa kumi mwaka huo huo mji ulitekwa na Hemu, kamanda wa upande wa ukoo wa Sher Shah, na mwili ukahamishiwa Sirhind. Ulirudi Delhi baada ya nchi kutulia.

Aliyesimamia kazi ya kaburi, kufuatana na simulizi zilizokubaliwa na wengi, ni Bega Begum, yule aliyekamatwa Chausa. Alikwenda kuhiji, na baadaye watu wakamwita Haji Begum. Kazi ilifanyika katika miaka ya 1560 na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 1570, kwa hazina ya Akbar. Fundi mkuu, Mirak Mirza Ghiyas, alitoka Herat, mji ambao Humayun aliupitia akiwa mkimbizi. Fundi huyo alifariki kabla ya kumaliza, na mwanawe akaendeleza.

Jengo lina urefu wa mita 47. Kuta ni za mawe mekundu ya India yaliyopambwa kwa marumaru nyeupe, na kuba ni ya tabaka mbili, ya ndani na ya nje, namna iliyotoka Asia ya Kati. Bustani imegawanywa katika mafungu manne kwa njia na mifereji, kama bustani za Uajemi. Lilikuwa kaburi kubwa la kwanza la namna hiyo katika eneo lote la India, na Taj Mahal ya Agra, iliyojengwa na kitukuu cha Humayun, Shah Jahan, ilifuata mfano wake. Bega Begum mwenyewe alifariki mwaka 1582 na amezikwa humo. Makaburi ya watu wa ukoo wa Mughal katika eneo hilo ni zaidi ya 100.

Hatua chache kutoka kwenye lango la kuingilia, mgeni anakuta kaburi jingine la pembe nane, lililojengwa mwaka 1547. Ni la Isa Khan, mkubwa katika serikali ya Sher Shah. Walioshinda na walioshindwa wanalala jirani, na waliorudi kutawala hawakulibomoa jengo la adui.

Mwaka 1857 na mwaka 1947

Miaka 300 baada ya Humayun, nguvu za ukoo wake zilikuwa zimekwisha. Mwaka 1857 askari wa Kihindi wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki waliasi, na mfalme mzee Bahadur Shah Zafar, mwenye zaidi ya miaka 80, akawekwa mbele kama kiongozi. Waingereza walipoiteka tena Delhi mwezi wa tisa, mzee alikimbilia kwenye kaburi la babu yake. Alikamatwa hapo na afisa aliyeitwa Hodson. Siku iliyofuata wana wake wawili na mjukuu walichukuliwa mahali hapo hapo na kupigwa risasi njiani. Yeye alipelekwa Rangoon, Burma, akafia huko mwaka 1862. Dola ya Mughal iliishia kwenye kaburi la Humayun.

Mwezi wa nane mwaka 1947 India ilipata uhuru na kugawanywa na Pakistan. Mamilioni ya watu walivuka mpaka mpya kwa pande zote mbili, na mauaji yakafika mpaka Delhi. Waislamu wa mji walikimbilia Purana Qila na bustani ya kaburi la Humayun, wakalala chini ya maturubai wakisubiri treni za kwenda Pakistan. Wao walipoondoka, kambi hizo zilijaa Wahindu na Wasingasinga waliofukuzwa Punjab ya Pakistan. Wengine waliishi humo miaka kadhaa. Bustani ziliharibika na mifereji ikaziba. Ngome iliyopewa jina la kimbilio ilifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza kwa watu wengi namna hiyo, karne nne baada ya aliyeianzisha.

Linavyoonekana leo

Mwaka 1993 shirika la UNESCO liliingiza kaburi la Humayun katika orodha ya urithi wa dunia. Kazi kubwa ya matengenezo ilifanywa na serikali ya India pamoja na mfuko wa utamaduni wa Aga Khan, jina linalojulikana sana Afrika Mashariki kwa hospitali na shule. Bustani ilimalizika mwaka 2003, na maji yakapita tena kwenye mifereji. Kati ya 2007 na 2013 ilifuata zamu ya jengo lenyewe: karibu kilo milioni moja za saruji zilizowekwa na mafundi wa karne ya 20 juu ya paa ziliondolewa, na chokaa ya zamani ikarudishwa. Mafundi kutoka Uzbekistan walikuja kuwafundisha vijana wa mtaa wa jirani wa Nizamuddin namna ya kutengeneza vigae vya rangi. Mwaka 2024 lilifunguliwa jumba la makumbusho chini ya ardhi, karibu na lango.

Katika Purana Qila, Sher Mandal bado imesimama. Ni jengo dogo kuliko wengi wanavyotegemea, na ngazi zake ni nyembamba na za mawe. Ndani ya kaburi, chini ya kuba, mgeni anakuta jiwe moja la marumaru nyeupe, bila jina wala maandishi yoyote. Kaburi lenyewe liko chini zaidi, ndani ya jukwaa kubwa ambalo watu wa mwaka 1947 walipata kivuli kwenye matao yake.